Maziwa ya Paa Siku ya Krismasi

Sogeeni, wajukuu. Kisa hiki ni cha kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu. Mpo? Haya, mkiwapo, nami nipo.

Basi, palikuwa na Paa jike. Moto wa kiangazi uliunguza msitu, ukamuulia mwanawe. Akatembea, akatembea, akatembea, chuchu zimejaa maziwa, zinamuuma, na hana wa kumnyonyesha. Mito ilikuwa imekauka. Maji yalibaki kwenye chemchemi moja tu, juu mlimani.

Asubuhi ya Krismasi kengele ya kanisa ikalia bondeni. Ngo! Ngo! Wanyama wa enzi hizo waliijua. Ikilia, hakuna aliyemla mwenzake mpaka jua lizame. Lakini kwa njaa ya mwaka ule, wanangu, nani angeliamini agano hilo?

Paa alipofika chemchemi, akamkuta Chui jike amelala ukingoni, mbavu zinahesabika. Paa hakukimbia. Miguu ilikataa.

"Kunywa," Chui akasema. "Leo Krismasi."

"Na ukinirukia?"

"Dada, hata kusimama siwezi."

Paa akanywa. Mara akasikia kilio chembamba, mii, mii. Kitoto cha chui, macho hayajafunguka vizuri, kinahangaika na chuchu kavu ya mama yake.

"Maziwa yamenikauka," Chui akasema, akageuza uso.

Paa akamkumbuka mwanawe. Akawaza: huyu akikua atanila. Akasimama, akasimama weee! Kisha akajilaza taratibu ubavuni mwa Chui.

"Kilete."

"Paa, unamjua huyu ni nani?"

"Namjua. Kilete kabla sijageuza nia. Nimechoka, shoga."

Kikanyonya. Paa akafumba macho, machozi yakimtoka, na yale maumivu yakapungua. Nyani aliyekuwa akichungulia mtini akashuka na tini zake. Nungunungu akaleta mizizi. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyecheza. Walikula wameegemeana.

Jua lilipoinama, Chui akanong'ona, "Nenda, dada. Kesho nitakuwa chui tena, na sitaki nikuone."

Paa akakilamba kitoto kichwani, akashuka mlima polepole. Na kitoto kile, wajukuu zangu, kiliishi.

Msingoje mpate nguvu ndipo mtende wema. Amani ya siku ile ililetwa na waliochoka.

Kisa nimekitua hapa. Anayekitaka akibebe, nami niacheni nipumzike.