Ninayo, Ninayo, Sina

Mtu mmoja alikuwa na kadi za wachezaji wa mpira nyingi kuliko mtu mwingine yeyote katika mji wake. Jina lake Feruzi, na alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli karibu na stesheni. Kadi hizo zilikuwa za zamani, za enzi ambazo kiwanda kimoja cha biskuti kilitia ndani ya kila pakiti picha ndogo ya mchezaji wa timu ya mkoa. Watoto wa wakati ule walikula biskuti mpaka meno yakawauma, si kwa njaa, bali kwa kumtafuta mshambuliaji. Baadaye kiwanda kilifungwa, timu ikashuka daraja kisha ikafa kabisa, na wale watoto wakaota mvi. Kadi zikabaki. Nawaomba msicheke bado. Kila mmoja wenu ana kitu chake cha namna hiyo kabatini, na wa nyumbani kwake anakijua.

Mara moja kwa mwaka wenye kadi walikutana katika ukumbi wa mji, na siku hiyo waliiita Siku ya Kadi. Ilikuwa na sheria mbili tu, zote zimetoka utotoni. Ya kwanza, kadi haiuzwi, hubadilishwa. Ya pili, hupokei kadi uliyo nayo tayari. Unapokea ile tu usiyokuwa nayo. Basi watu walikaa wawili wawili, mmoja akafunua kadi zake moja baada ya nyingine, na mwenzake akawa anasema, "Ninayo. Ninayo. Ninayo." Halafu ghafla mkono unatoka, sauti inapanda, "Sina!" Hapo furaha ndipo ilipoanza. Aliyesema "sina" hakuonewa huruma hata kidogo. Alionewa wivu, maana ndiye aliyekuwa anarudi nyumbani na kitu kipya. Ungeingia ukumbini siku hiyo ungemkuta hakimu mstaafu na fundi cherehani wamesimama uso kwa uso wakipigiana kelele, "Sina! Sina!", mate yakiwatoka, na wauza vitumbua wamekosa pa kupita. Watu walikuja hata kutoka miji ya mbali, wakalala kwa jamaa zao, ili tu waje kutangaza hadharani walichokosa.

Kwa kuwa Feruzi alikuwa na kadi nyingi kuliko wote, walimchagua awe mwenyekiti. Wakamwekea meza mbele, juu yake kitambaa cha kijani. Wala si kosa kumpa mtu meza. Ila kitambaa kile kilimwingia kichwani kidogo.

Mwaka mmoja akaja mwanamke ambaye hakuwahi kuonekana pale, Bi. Asumini, mshonaji wa mikeka. Wenzake walikuja na masanduku. Yeye alikuja na kadi moja, ameifunga kwenye pindo la khanga. Kaka yake, Athumani, ndiye aliyekuwa winga wa kushoto wa timu ile. Alifariki akiwa bado kijana, na hakuacha picha nyingine yoyote isipokuwa ile ya kwenye biskuti. Kiwanda kiliwahi kumpa boksi zima, naye akamwachia dada yake. Mchwa wakaingia, wakala timu nzima pamoja na wachezaji wa akiba, wakamwacha kipa peke yake, Mabruki. Bi. Asumini akasimama mbele ya kitambaa cha kijani, akafungua pindo na kusema bila kuzunguka, "Mwenyekiti, namtaka winga wa kushoto. Sina. Nimeanza kuusahau uso wake. Ninaye huyu kipa, kama wewe huna."

Sasa sikilizeni vizuri. Feruzi alikuwa na Athumani wanne, ambao mwingine yeyote pale hakuwa nao, wamerundikana kwenye boksi kama wapangaji wa chumba kimoja. Na kuhusu Mabruki, nyumbani kwake sebuleni palikuwa na fremu yenye nafasi kumi na moja, na nafasi ya golini ilikuwa tupu. Alimtafuta kipa huyo tangu ujana wake. Mwishowe akaitundika kalenda mbele ya pengo lile, ili wageni wasijue kwamba timu ya mwenyekiti inacheza bila kipa. Kwa hiyo alipomwona Mabruki mkononi mwa yule mama, moyo wake uliruka. Neno lilimfika ulimini. Lakini alikuwa mwenyekiti, na watu walikuwa wamemzunguka wanamtazama. Akajiuliza, mwenyekiti naye anakosa? Akakohoa, akasema, "Ninayo."

Bi. Asumini akamrudisha kipa kwenye pindo. Feruzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliona haya, akachukua Athumani mmoja na kumsogezea. "Chukua tu, dada yangu. Bure."

"Ahsante, mwenyekiti," akajibu yule mama, "ila sikuja kuomba. Nimekuja kubadilishana." Akaenda zake, na mwaka uliofuata akarudi na kadi ileile, akauliza swali lilelile. Feruzi afanye nini? Akisema "sina" leo, jana alikuwa nani? Akasema tena, "Ninayo." Ndivyo ikawa kila mwaka.

Neno la mwenyekiti halikai mezani, hutembea. Watu waliona kwamba mkubwa wao anapitia kadi zote bila kusema "sina" hata mara moja, nao wakataka kuwa wakubwa. Hakimu mstaafu akaanza kusema "ninayo" huku akimezea mate asichokuwa nacho. Fundi cherehani akamwiga hakimu. Taratibu watu wakaacha kukaa wawili wawili; kila mtu akajipangia meza yake, akazitia kadi ndani ya nailoni, akaweka kamba mbele yake na kibao cha "Usiguse". Siku ya Kadi ikawa siku ya kutazamana. Watu wanapita mbele ya meza mikono nyuma, kama wanakagua gwaride, wanatikisa kichwa na kusema "ninayo" kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Lakini niambieni, mahali ambapo kila mtu anacho, mtu anakwenda kufanya nini? Wakaacha kuja wa miji ya mbali. Wakaacha kuja vijana. Siku muuza vitumbua alipoacha kuja, mtu mwenye akili angejua mambo yameharibika.

Wao hawakujua. Waliunda kamati. Kamati ikakaa, ikanywa soda, ikagundua kwamba wenye makosa ni simu, televisheni na vijana wasiothamini historia. Feruzi alitoa hotuba nzuri sana juu ya jambo hilo, na waliomsikiliza hawakujaza hata safu ya mbele. Mwaka baada ya mwaka msimamizi wa ukumbi akawahamisha, kutoka ukumbini kwenda chumba cha mikutano, kutoka chumba cha mikutano kwenda chumba kinachowekwa viti vya kukodisha. Mwisho akawaambia kwa upole kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Jengo lote limekodiwa na mpambaji wa harusi, na kuanzia mwezi ujao hapatakuwa na nafasi.

Siku hiyo ya mwisho walifika watu wanne. Feruzi na kitambaa chake cha kijani. Hakimu mstaafu, aliyekuwa mweka hazina wa hazina isiyokuwepo. Fundi cherehani, katibu, ambaye alisinzia. Na Bi. Asumini. Mpambaji mwenyewe alikuwa mlangoni, anapima kuta kwa futi kamba na kuimba wimbo wa harusi kwa sauti kubwa mno kwa mahali penye msiba.

Bi. Asumini hakuuliza swali lake. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa mpambaji. "Mwanangu, una gundi?"

"Gundi sikosi, mama. Ya maua."

"Basi nipe kidogo. Nilikuwa na kipa wangu hapa, kila mwaka namtembeza, kila mtu anaye. Sasa nimechoka na yeye amechoka. Nitambandika kwenye huu mlango. Alizoea kulinda lango, akalinde la maharusi."

Mpambaji akacheka, akamfungulia chupa. Bi. Asumini akamgeuza Mabruki kifudifudi kwenye kiganja chake, akachovya kidole.

Feruzi aliona yote hayo kutoka kwenye meza yake. Aliona ile gundi. Alijua kwamba kadi ya karatasi ikishabandikwa ukutani haitoki nzima tena, na kwamba hapakuwa na Mabruki mwingine duniani, au kama yuko, mchwa wanamjua peke yao. Aliona pia kidole cha yule mama, kilichokomazwa na ukindu, na akakumbuka ni kidole hichohicho kilichofungua pindo mbele yake siku ya kwanza, wakati ukumbi umejaa na vitumbua vinanukia. Akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake. Watu wale wachache wakageuka, na yeye akasema kwa sauti iliyokauka, kama mtu anayeongea lugha aliyoiacha utotoni:

"Sina."

Hakuna aliyeelewa. Akarudia, na safari hii sauti ilipanda yenyewe, kama zamani. "Sina! Dada Asumini, huyo Mabruki sina! Sikuwa naye ile siku ya kwanza, wala sijawa naye mpaka leo!"

Yule mama alibaki na kidole chenye gundi hewani. Hasira ilimpanda, na sitaki kuwaficha, ilikuwa haki yake. "Mwenyekiti," akasema, "umenikalia na kaka yangu miaka yote hii, kwa sababu ya neno dogo hivyo?" Feruzi aliingiza mkono kwenye boksi, akamtoa Athumani aliye safi kuliko wenzake, akaivuka kamba yake mwenyewe na kumpelekea kwa mikono miwili.

Bi. Asumini akaipokea ile kadi, akaisogeza karibu na macho. Uso wake ukafunguka. "Masikio!" akapiga kelele. "Tazama masikio yake! Nilikuwa nimeyasahau masikio yake, Mungu wangu, yalivyosimama!" Akalia, akacheka, akalia tena, hata mpambaji akaacha futi kamba akaja kuyatazama masikio ya Athumani. Kisha yule mama akaifuta gundi kwenye khanga, akamkabidhi Feruzi kipa wake, na cheko likamjia kutoka tumboni. "Kumbe mwenyekiti goli lako lilikuwa wazi siku zote! Tungejua, tungekufunga mabao!"

Walicheka mpaka katibu akaamka. Alipoambiwa kilichotokea, akasema kwa aibu kwamba na yeye beki wa kulia hana, hajawahi kuwa naye. Hakimu mstaafu akaruka. "Mimi ninao wawili! Lakini kiungo sina!" "Kiungo ninaye!" "Sina!" "Sina!" Wazee wawili wakashikana mikono, wakakata kamba zao, wakachana nailoni kwa meno. Mpambaji aliwatazama, halafu akasema taratibu kwamba marehemu baba yake aliacha kopo la kadi kama hizi, hajui ni za nini, na alikuwa anakaribia kulitupa. Wote wanne walimgeukia kwa pamoja, naye akasema baadaye kwamba hakuwahi kutazamwa hivyo hata siku ya harusi yake.

Ukumbi mkubwa hawakuupata tena, na sitawadanganya kwamba enzi zile zilirudi. Lakini mwaka uliofuata mpambaji aliwapa baraza, na baraza halikutosha. Watu walikaa hadi kwenye ngazi, juu ya viti vyenye utepe wa harusi, wawili wawili, na kelele zao zikasikika mpaka stesheni. Muuza vitumbua alirudi, akaishiwa kabla ya adhuhuri. Feruzi hakuleta kitambaa cha kijani. Alifungua siku kwa kusimama mbele ya watu na kutaja kadi anazokosa, jina baada ya jina, na kila jina lilipotajwa mkono mmoja uliinuka mahali fulani katikati ya watu, ukipunga kadi. Kule nyumbani aliiondoa kalenda. Wageni wakiingia huwaonyesha kwanza yule kipa, na mama mmoja mshonaji wa mikeka hupitia mara kwa mara kunywa chai na kumsalimia Mabruki.

Sasa wewe uliyekaa hapo umenyooka, na "ninayo" yako tayari mdomoni: ni nani amekuja mbele yako mwaka hata mwaka na kile unachokikosa, kimefungwa kwenye pindo la khanga yake, akirudi nacho nyumbani kwa sababu tu hujasema neno?