Debe, Kapu na Masikio

Hapo zamani, zamani isiyo mbali sana, zamani ya mabomba yenye mgao, kosa moja liliingia katika nyumba ya wanawake watatu, na mpaka leo haijulikani lilikuwa la nani. Waliosimulia kisa hiki wamekigeuza huku na huku, kama mtu anayetafuta mahali mkeka ulipoanzia kusukwa, wakashindwa. Labda nyinyi mtapaona. Sogeeni.

Nyumba yenyewe ilikuwa Same, upande wa juu wa mji, ambako maji hufika mara mbili kwa wiki na hayasemi yatafika saa ngapi. Humo aliishi Namsifu, mke wa dereva wa lori anayeonekana nyumbani kila mwisho wa mwezi. Aliishi na mama mkwe wake, Mama Elieza, mwenye magoti mabovu na sauti nzima. Na aliishi na wifi yake, Foibe, aliyesomea ualimu na kwa mwaka wa pili sasa alikuwa anangoja kupangiwa shule.

Namsifu alifanya kazi hapo hapo nyumbani. Alikuwa na kompyuta, meza ya sebuleni na vidole vyepesi, na watu walimletea maandishi ayapige chapa: kazi za wanachuo, mihtasari ya vikao vya kanisa, barua za madai ya mipaka. Lakini kazi aliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa tofauti na zote. Ilikuwa kazi ya Mzee Mgonja.

Mzee Mgonja alikuwa bwana shamba mstaafu. Kwa zaidi ya miaka ishirini alipima mvua nyuma ya nyumba yake, kila asubuhi, akaandika katika madaftari makubwa matatu yenye majalada magumu. Alitaka yapigwe chapa, ili vijana wanaolima wajue vuli ilikuwa inakuja lini, na imeanza kuchelewa lini. Mwandiko wake ulikuwa mgumu kusomeka, basi kila Ijumaa alikuja na kioo chake cha kukuzia, akasoma kwa sauti, na simu ya Namsifu ikarekodi. Madaftari yenyewe aliyaacha pale, kwa sababu kwake kulikuwa na mchwa.

"Binti," alimwambia, "mimi nimeyalinda na mchwa. Wewe nilindie na kila kitu kingine."

"Sawa, Mzee," Namsifu akajibu. Ni neno dogo, sawa. Lilikuja kumlemea.

Daftari la kwanza lilikwisha. La pili lilikuwa limesomwa, limo kwenye simu. La tatu, la mwaka themanini na tisa mpaka tisini na sita, lilikuwa lisomwe Ijumaa.

Sasa lazima mjue habari za debe. Katika nyumba ile, bomba la jikoni liliachwa wazi siku zote, na chini yake liliwekwa debe tupu la bati. Maji yakija, debe linapiga kelele, ngwa, ngwa, ngwa, na aliyepo nyumbani anakimbia kukinga. Mtaa mzima ulifanya hivyo. Usingizini hata wageni walilijua debe.

Alhamisi ile ilianza kwa uji. Uji ulifurika, ukazima mkaa, ukamwagika mpaka mlangoni, na tetea mwekundu wa Mama Elieza akaja kuudonoa. Alipomaliza wa mlangoni akaingia ndani kutafuta mwingine. Dakika mbili baadaye alikuwa juu ya meza ya sebuleni, mguu mmoja kwenye daftari la tatu, na Namsifu alikuwa bado hajaketi kazini.

"Shuka! Shuka, mjinga wewe!" Mama Elieza akamfukuza kwa upawa. Kisha akalitazama daftari, akaona alama ya ukucha kwenye jalada. Akasema moyoni, hapa mezani si mahali. Akalichukua, akaliweka ndani ya kapu la ukindu, akalifunika kwa kitambaa, akalisukuma kapu chini ya meza, ambako kuku hapandi. Akachukua kikapu kingine, akaenda gulioni kununua ndizi.

Huyo ni wa kwanza.

Hakupita muda, jirani akabisha hodi. Alikuwa na mahindi ya kuuza na mnunuzi amekwishafika, ila debe lake la kupimia lilikuwa limetoboka. "Foibe mwanangu, niazime la kwenu. Nikipima tu narudisha."

Foibe akalitazama bomba. Kavu. Akalitoa debe, akampa. Ili bomba lisibaki bila kitu chini, akasogeza beseni lililokuwa na blanketi aliloloweka ili kulifua. Akajitwika mahindi yake, akaenda mashineni kusaga, na mashineni kulikuwa na foleni.

Huyo ni wa pili.

Namsifu akabaki peke yake. Alikuwa amekwishavaa visikilizio vya masikioni; akafungua simu, sauti ya Mzee Mgonja ikamjaa kichwani. *Tarehe nne, milimita kumi na mbili. Tarehe tano, hakuna. Tarehe sita, hakuna.* Ijumaa waliyorekodi mvua ilikuwa inanyesha, na nyuma ya sauti ya Mzee ilisikika ikipiga bati. Namsifu akaandika. Akainua miguu, akaiegesha juu ya mti unaounganisha miguu ya kiti, kama alivyozoea. Ikafika mahali akasikia maji yanatiririka, na akasema moyoni, mvua ya Mzee imezidi. Akaongeza sauti ya simu kidogo, akaendelea.

Huyo ni wa tatu.

Maji yalikuja saa tano. Yaliangukia blanketi, na blanketi halipigi kelele. Yakajaza beseni, yakashuka, yakafuata mteremko wa sakafu ambao fundi aliukosea tangu siku ya kujenga, yakaingia sebuleni polepole kama mgeni mwenye haya. Namsifu alijua habari zake pale ndara moja ya Foibe ilipoelea chini ya meza, ikagonga kapu, ikageuka na kuondoka.

Kapu la ukindu halizuii maji.

Alasiri ile wanawake watatu walikaa kuzunguka meza. Daftari lilikuwa katikati, limefunguliwa, na kurasa zake zilikuwa za buluu kama maji ya kufulia. Wino wa miaka minane ulikuwa umeyeyuka wote.

Mama Elieza alikuwa wa kwanza kusema. "Mimi nililiokoa daftari kutoka kwa kuku. Kama debe lingekuwa mahali pake, tungekuwa tunakunywa chai sasa hivi."

"Mimi nilimwazima jirani, Mama, na wewe ungemwazima," akasema Foibe. "Kama daftari lingekuwa mezani, maji yangeosha sakafu tu. Na kama masikio ya mtu yangekuwa wazi! Wifi, maji yamekuja mpaka yameniibia ndara, wewe bado unaandika mvua?"

"Mimi nilikuwa kazini," Namsifu akasema. "Ukaniona nimevaa visikilizio na ukatoka. Hukunigusa hata bega ukasema, wifi, debe limeondoka. Ningelijuaje?"

"Kwa hiyo ni debe."

"Ni kapu."

"Ni masikio!"

Hakuna aliyetaka kushindwa ubishi ule, maana wote watatu walijua desturi ya ukoo ule: aliyeharibu cha mtu humfuata mwenyewe kabla hajafuatwa. Huenda mtu mmoja, na haendi mikono mitupu. Wakienda wengi kwa kosa moja, wataonekana wamekwenda kugawana lawama mpaka iwe ndogo. Na kesho saa nne Mzee Mgonja angebisha hodi na kioo chake mkononi.

Namsifu akaanza kutenganisha kurasa kwa ncha ya kisu, ili zikauke zisigandane. Ndipo akayaona maandishi mengine. Pembeni mwa kurasa, pale wino ulipokuwa umekufa, penseli ilikuwa hai. Mzee aliandika mvua kwa wino. Mambo ya nyumbani, kumbe, aliyaandika kwa penseli, kwa herufi ndogo sana.

"Foibe, wewe una macho. Hapa pamesema nini?"

Foibe akasogea. "*Mtoto ametembea.*" Akageuza ukurasa. "*Ng'ombe amepotea, amerudi mwenyewe.*" Akageuza tena, akasoma kimoyomoyo.

"Soma basi," akasema Mama Elieza.

"*Mke wangu amelala, hakuamka. Nimepima mvua kama kawaida. Sikujua nifanye nini kingine.*"

Jikoni bomba lilikuwa linadondosha maji. Hakuna aliyeinuka kulifunga.

Baadaye Mama Elieza akasema, kwa sauti ambayo wakwe na watoto hawakuwahi kuisikia, "Ni mimi. Daftari halikuwa langu kulihamisha. Ningemwacha kuku, ningemwambia Namsifu, toa daftari lako. Nitakwenda mimi."

"Kwa magoti gani, Mama?" Foibe akamkata. "Ni mimi. Kazi ya debe ni kulia, nami nikaliondoa nikaweka kitu bubu. Nitakwenda mimi."

"Hapana," akasema Namsifu. "Nyinyi hamkumwambia Mzee neno lolote. Mimi nilimwambia sawa. Tena maji niliyasikia. Mimi peke yangu niliyasikia."

Lawama ile ile waliyokuwa wakiikwepa sasa walianza kuigombania. Mwishowe, kwa kuwa amana iliwekwa mikononi mwake, ikaamuliwa aende Namsifu, asubuhi na mapema, na achukue yule tetea mwekundu. Mama Elieza akakubali haraka kuliko kawaida yake. Namsifu alipaswa kushtuka pale pale.

Kulipopambazuka, kamba ya kuku ilikuwa imekatwa. Kuku hayupo. Fimbo ya Mama Elieza haipo. Daftari halipo.

"Ametutangulia!" akasema Foibe, huku anajifunga kanga. Wakatoka wote wawili, nusu wanatembea nusu wanakimbia, mmoja akimwambia mwenzake arudi nyumbani, wala hakurudi mtu.

Walimkuta amekaa barazani kwa Mzee Mgonja, magoti yamevimba, kuku mapajani. Mzee alikuwa na daftari mkononi, amelileta karibu na pua kama mtu anayenusa mkate.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mama huyu ameniambia ni yeye."

"Si yeye, Mzee. Ni mimi," akasema Namsifu.

"Usimsikilize, ni mimi," akasema Foibe. "Mzee, huyu alikuwa anaandika tu."

Mzee Mgonja akawasikiliza mmoja mmoja. Akasikia habari za uji, za kuku, za jirani na mahindi yake, za blanketi. Habari zilipofika kwenye mvua iliyokuwa ndani ya simu, aliomba aelezwe tena. Namsifu akarudia, macho chini. Mzee akatikisa kichwa taratibu.

"Miaka minane ya mvua imelowa," akasema. "Sikuwahi kufikiri mvua inaweza kulowa." Akapitisha kidole pembeni mwa ukurasa. "Na penseli je?"

"Penseli imebaki, Mzee. Yote."

Akalifunga daftari taratibu, akaliweka mapajani.

"Wino ulikuwa wa watu wote," akasema hatimaye. "Penseli ilikuwa yangu. Leo nilikuwa nisome wino, penseli niiruke. Sasa wino hakuna, na kwa macho haya penseli siioni tena. Haya. Kuku wa fidia simpokei kwa yeyote kati yenu. Mwacheni atembee. Ila mmoja wenu, mmoja tu, aingie ndani anisomee hii, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mwisho. Wengine wakae nje. Asome mwenye kosa. Aliyeniondolea mvua ndiye atakayenirudishia watu wangu."

Mikono mitatu ikanyooka kupokea daftari.

Mama Elieza alilishika kwanza, kwa kuwa alikuwa karibu. Akalifungua, akalisogeza mbali, akalisogeza karibu. Miwani yake ilikuwa nyumbani, juu ya kabati, kwa sababu aliondoka kwa kunyata. Akampa Namsifu. Namsifu alisoma mstari wa kwanza, *mtoto ametembea*, sauti ikamkatika, akajaribu tena, ikakatika hapo hapo. Akampa Foibe. Basi aliyeingia ndani na Mzee ni Foibe, na aliyesoma mpaka saa sita ni Foibe, kwa sauti ile nzuri ya mwalimu asiye na darasa. Wenzake walikaa barazani, wakisikia sauti bila maneno, huku kuku akiparua uani kana kwamba hahusiki.

Ndivyo ilivyotendeka. Lakini hilo liliamuliwa na miwani na koo, halikuamuliwa na haki, na Namsifu, hata alipozeeka, akikumbuka ule mlango ukifungwa alisikia kwamba kitu chake kimeingia ndani na mtu mwingine. Mama Elieza naye alisema vivyo hivyo mpaka siku zake za mwisho.

Basi nyinyi mliosogea, semeni. Mmoja aliweka daftari katika njia ya maji akidhani analiokoa. Mmoja aliyanyang'anya maji sauti yake akimsaidia jirani. Mmoja aliyasikia, akayaita mvua. Mlango ni mmoja na msomaji ni mmoja. Je, nani alistahili kumsomea?