Nani Atamsemea Tusekile?

Kaeni vizuri. Kusikiliza ni bure, ila mwishoni nitadai jibu, na jibu la "wote wana haki" silipokei. Nimeshalisikia sana, na wanaolitoa huwa wanataka tu kwenda kulala.

Alikuwepo mwinjilisti mmoja huko milimani Rungwe, jina lake Ambakisye. Mkewe alifariki mapema akamwachia watoto watatu. Mzee hakuoa tena. Aliwalea mwenyewe, akawapikia ndizi na kuwaombea, akawafundisha kuimba kabla hawajajua kusoma.

Wa kwanza, Subilaga, alijaliwa sikio. Ndiye mwalimu wa kwaya ya usharika. Waimbaji wote wakipaza sauti kwa pamoja, yeye anajua nani kachelewa kuingia na nani ana mafua. Alisomea uuguzi katika chuo cha kanisa, ambako siku ilianza kwa sala na kuisha kwa sala.

Wa pili, Gwamaka, alijaliwa jicho la ardhi. Kazi yake ni kupima mahali pa kupitisha mabomba ya maji milimani. Akiutazama mteremko, anakwambia wapi patakubeba na wapi patakumeza. Yeye alisoma chuo kikuu cha serikali, na huko aliacha kusali. Kwa miaka kadhaa alikuwa akija nyumbani Krismasi, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na baba yake mimbarini haoni benchi jingine ila hilo. Baadaye alirudi taratibu, bila kumweleza mtu kilichomrudisha.

Na kulikuwa na jirani, Bwana Mbaraka, mpasua mbao. Nyumba yake ndiyo ilikuwa nyumba pekee ya Waislamu kijijini pale. Huyu alijaliwa mikono. Gogo ambalo vijana hulizunguka wakikuna vichwa, yeye hulifunga kamba na kulishusha bondeni polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Mabenchi ya kanisa lile yote ni kazi yake.

Wa mwisho kwa mzee ni Tusekile, na hadithi hii ni yake.

Tusekile alifaulu vizuri kidato cha sita, akaitwa na vyuo viwili kusomea udaktari, kimoja cha kanisa na kingine cha serikali. Vyote vilitaka jibu kabla ya jua kuzama Jumatatu, la sivyo nafasi ingekwenda kwa mwingine. Msije mkaniuliza kipi kilikuwa na walimu bora. Vililingana, na kama visingelingana nisingejisumbua kuwasimulia.

Jumamosi mchana walikaa kula. Subilaga na Gwamaka walikuwa wamekuja nyumbani kwa ajili ya jambo hilohilo, lakini mzee alikuwa amekwisha kukata shauri.

"Utakwenda chuo cha kanisa," alisema. "Jumatatu tutawajibu."

Tusekile akaweka kijiko chini. "Baba, mimi nataka cha serikali."

"Kaka yako alikwenda huko. Unajua alirudije."

"Najua, Baba. Lakini nataka kujua kama ninaamini mimi, au ninaamini kwa sababu wewe ni baba yangu."

Mzee Ambakisye alisogeza kiti nyuma. Miaka yote aliyosimama mimbarini hakuna aliyewahi kumuuliza vile, na sasa aliyeuliza alikuwa mtoto aliyembeba mgongoni. Akapandisha sauti.

"Haya, nenda. Ila ukishavuka geti la chuo hicho, usiniite baba tena."

Gwamaka alitazama sahani yake. Subilaga aliita "Baba" kwa sauti ya chini, akaishia hapo. Tusekile alinyanyuka, akajifunga khanga mabegani, akatoka kwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, ingawa muda ulikuwa bado.

Sasa hapa nisikilizeni. Barabara kubwa ilikuwepo, pana na salama. Lakini barabarani kuna watu, na milimani kule humpiti mtu bila kumsalimu. Salamu zenyewe ni ndefu: utaulizwa umeshindaje, nyumbani hawajambo, ng'ombe hawajambo, baba hajambo. Tusekile alikuwa analia. Hakutaka kuulizwa kama baba hajambo. Kwa hiyo akashika kijia cha bondeni, ambacho mvua zikichanganya hakuna anayekipita.

Mvua ilinyesha mchana ule mpaka bondeni pakawa hapaonekani. Ardhi ikaachia, ikashuka na kile kijia. Watu walipofika kanisani na Tusekile hayupo, walitafuta hadi giza likawashinda, wakarudi mikono mitupu.

Jumapili asubuhi zamu ya ibada ilikuwa ya Mzee Ambakisye. Wazee wa kanisa walimwambia apumzike, atashika mwingine. Alikataa. Akapanda mimbarini na macho mekundu, akafungua kitabu, akakifunga. Na yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto wa kipaimara kwamba nadhiri haiwekwi na mtu mwenye machozi.

"Mtoto wangu nimemtoa nyumbani kwa ulimi wangu," alisema. "Basi Mungu anisikie na ninyi mnisikie. Yeyote atakayemtia mikononi mwangu akiwa hai, huyo ndiye atakayesema Tusekile asome wapi. Mimi sina neno tena juu ya jambo hilo. Siku nitakayolisemea, nisisimame tena hapa."

Kanisa zima likaitikia amina. Bwana Mbaraka alikuwa nje dirishani na kamba begani, akisubiri watu watoke waendelee kutafuta. Naye alisikia.

Walipofika bondeni, wanaume walianza kuliita jina la Tusekile kwa nguvu zao zote. Subilaga akawanyamazisha. Akawaambia hata anayetaka kukohoa arudi nyumbani. Mto ulikuwa unanguruma chini na hakuna aliyesikia kitu, ila yeye alifumba macho, akasimama, akainamisha kichwa upande mmoja. "Yule pale," akasema. "Anaimba sauti ya pili, na imeshuka. Amechoka sana." Wengine walidhani ni ndege. Yeye akanyoosha mkono kuelekea mahali ambapo hakuna aliyekuwa amepatafuta, ng'ambo ya maporomoko. Bila sikio lile wangeendelea kupiga kelele upande usio wake mpaka msichana anyamaze.

Watu wakataka kukimbia kukata moja kwa moja. Gwamaka akamdaka wa mbele kwa shati. Alichuchumaa, akatazama maji yanatokea wapi kwenye udongo na miti imeinamia wapi, akasema hapa hapapitiki. Akawazungusha kwa juu, kwenye mianzi, akitangulia na fimbo, anachoma, anakanyaga, anawaita mmojammoja. Walimlaumu kwamba anachelewesha. Walikuwa bado mianzini pale mteremko waliotaka kuukata ulipoachia tena, ukaenda mtoni na miti yake. Hakuna aliyemlaumu tena.

Walimkuta Tusekile chini ya ukingo, amekaa juu ya jiwe linalotosha mtu mmoja, mguu umebanwa na mzizi. Mbaraka alifunga kamba kwenye mti, akaijaribu kwa uzito wake, akateremka na panga kiunoni. Alikata ule mzizi, akamfunga msichana mgongoni kwa ileile khanga aliyotoka nayo nyumbani, akapanda. Kamba ilikuwa imelowa na inateleza, ikamchuna viganja vyote viwili, na hakuiachia. Kati ya waliokuwepo, hakuna mwingine aliyeweza kupanda pale na mtu mgongoni.

Mzee Ambakisye alikuwa ameambiwa asubiri juu, penye ardhi ngumu. Mbaraka alimfikisha msichana juu ya ukingo. Gwamaka akampokea, akamvusha kwenye udongo mbaya. Subilaga akampokea, akamfunika, akamlaza mikononi mwa baba yake. Mzee alimshika, akakaa naye chini kwenye tope, akalia mbele ya watu bila kujificha.

Mguu ulifungwa zahanati. Jumapili hiyohiyo, kabla jua halijashuka, wote walikuwa sebuleni kwa mzee, ndizi za jioni zikiwa mezani: Subilaga, Gwamaka, Bwana Mbaraka mwenye viganja vilivyofungwa bendeji, na Tusekile amenyoosha mguu kwenye kigoda.

"Nilisema mbele ya kanisa," alisema mzee. "Mmenitilia mtoto mikononi. Semeni."

Moyoni alijua watakavyosema, au alidhani anajua. Binti yake mkubwa angesema chuo cha kanisa, na kijana wake angekitetea chuo cha serikali.

Subilaga alianza. "Baba, aende cha serikali."

Mzee alimtazama.

"Kule nilikosoma hakuna aliyeniuliza swali," Subilaga aliendelea. "Wenzangu waliinua mikono, na mimi nikainua. Walinipenda, sikatai, kila mwalimu alinijua kwa jina. Halafu nikaanza kazi. Mwanamume mmoja akafiwa na mkewe mbele yangu, akaniuliza Mungu wangu alikuwa wapi. Sikuwa na la kumjibu. Mwaka ule wote, Baba, niliongoza kwaya yako nikiimba maneno nisiyoyaamini. Uliniambia naimba vizuri. Sitaki Tusekile aje aulizwe akiwa mtu mzima na hana wa kumshika. Aulizwe sasa."

Mwaka ule mzee aliukumbuka. Alikuwa amesimama mimbarini akiona benchi la nyuma tu, na huyu mwingine alikuwa mbele yake kabisa, hatua chache, anazama.

Gwamaka akakohoa kidogo. "Mimi nasema cha kanisa."

"Wewe?" Tusekile aliuliza.

"Mimi, mdogo wangu. Unafikiri niliacha kusali kwa sababu mtu alinishinda kwa hoja? Hakuna aliyehangaika na mimi. Nilikosa ibada ya kwanza, hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Nikakosa ya pili. Nilipougua chumbani, wiki ilipita. Mtu anazimika hivyo, bila kelele. Mimi nilirudi, lakini wale niliokuwa nikisali nao mwaka wa kwanza, hadi leo nawatafuta. Maswali yapo popote. Mtu wa kukugongea mlango hapatikani popote."

Ikabaki zamu ya Bwana Mbaraka. Alikuwa anatazama bendeji zake.

"Mwinjilisti, mmenipa mtihani," alisema. "Mimi si wa kanisa lenu. Nikisema aende kwenye chuo chenu, watu watasema najipendekeza. Nikisema aende cha serikali, watasema Mbaraka kampoteza mtoto wa watu. Lakini ulisema yeyote, na mimi nilisikia. Neno langu ninalo, na ninampa Tusekile mwenyewe. Mwanangu, sema unakotaka."

Mzee alihisi mzigo unamtoka mabegani. Neno moja huku, neno moja kule, na la tatu liko kwa mtoto mwenyewe. Akisema chuo cha serikali, kama alivyosema jana mezani, basi na iwe. Alikuwa tayari. Alikuwa hata amejiandaa kumwambia kwamba akivuka geti lile aendelee kumwita baba.

Tusekile alimgeukia baba yake.

"Baba, nilipokuwa kule chini nilidhani nakufa," alisema. "Nikamwambia Mungu, akinitoa hapa nitakwenda atakakosema Baba, wala sitauliza tena. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, nikampa. Sasa amenitoa." Alifuta uso kwa mkono. "Nilikuwa sijui kwamba na wewe umeapa. Bwana Mbaraka ameniachia neno, na mimi nilishaliahidi kwako. Sema tu, Baba."

Mzee Ambakisye alifungua kinywa.

Angesema chuo cha kanisa, angepata kile alichokitaka tangu mwanzo, na kutoka kwa mtoto ambaye sasa hatauliza kitu. Angesema cha serikali, angempa binti yake alichokiomba. Lakini lolote atakalotamka ni neno, na aliapa mbele ya watu kwamba hana neno. Hata kumwambia "nenda utakako" ni kusema. Na akinyamaza, binti yake anabaki na nadhiri isiyoweza kutimizwa, na kesho jua likizama nafasi zote mbili zimekwenda, na Tusekile atabaki nyumbani na mguu wake mbovu, akiwa ameokolewa na watu watatu na hana pa kwenda.

Akafunga kinywa. Tusekile alikuwa bado anamtazama, anasubiri, na ndizi mezani zilikuwa zimeshapoa.

Hapo ndipo ninapowaachia. Subilaga alisikia, na bila yeye asingepatikana. Gwamaka aliwafikisha, na bila yeye wangezikwa njiani. Mbaraka alimpandisha, na bila yeye angebaki anatazamwa kutoka juu. Wawili wametoa maneno yanayopingana, na kila mmoja amesema kwa kidonda chake. Wa tatu amempa msichana neno, msichana amempa baba, na baba amejifunga mdomo mwenyewe. Nani anavunja ahadi yake, baba au mtoto? Au ni neno la Subilaga lifuatwe, au la Gwamaka?

Wewe uliyekaa hapo karibu na mlango, anza wewe. Ukisema mtoto avunje, niambie atakaa vipi darasani akijua alichomwahidi Mungu pale kwenye jiwe. Na ukisema baba avunje, niambie Jumapili ijayo atakaa benchi lipi.