Jabali la Perusi

Meza ya wengi hungoja mmoja. Mmemsikia mchungaji akiisema methali hiyo asubuhi hii, mlipomuuliza kama kesho Meza ya Bwana ipo kweli. Hakuwajibu ndiyo wala hapana, alisema hivyo tu akaenda zake, nanyi mmeingia humu jikoni mmenuna, mnataka niwaeleze maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalitoka hapa hapa Nyamigunda, na mimi nilikuwapo. Endeleeni kusugua hayo mabeseni. Mtu husikiliza kwa masikio, si kwa mikono.

Mwanzo wake ulikuwa huu.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa juzi juzi. Kanisa letu lilikuwa la matofali mabichi na paa la nyasi. Wanaume walikaa upande wa kulia, sisi wanawake kushoto, vichwa tumevifunika vitambaa vyeupe. Kinanda hatukuwa nacho wala hatukukitamani. Tuliimba kwa sauti nne, na watu waliokwenda sokoni walisimama njiani kutusikiliza. Ng'ombe wetu wakiibwa hatukushika mikuki, tukachekwa sana kwa hilo. Mahakamani hatukula kiapo. Hakimu wa kule wilayani alikuwa ametuzoea. Akiambiwa shahidi ni Mmenonite, yaani mtu wa kanisa letu, humwambia aseme tu, kwa kuwa ndiyo yake inatosha. Tulitembea vifua mbele kwa ajili ya jambo hilo, na mimi hata leo ninatembea hivyo, ingawa mgongo umepinda.

Desturi ya Meza mnaijua. Kabla ya kumega mkate tunatawadhana miguu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Na kabla ya miguu, mchungaji humwita kila mtu kwa jina, amuulize kama ana amani na Mungu na watu. Mtu hujibu, "Nina amani." Asiye nayo kwanza aende akatengeneze na mwenzake.

Basi alikuwapo mjane mmoja, Perusi Nyanjura. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na jabali pana, tambarare, lililoshika jua tangu asubuhi hadi jioni. Nanyi mnajua sisi na mihogo. Bila mahali pa kuanikia makopa huna unga, na bila unga huna nyumba. Mume wake alipokufa, shemeji yake Eliya Bwire alimwendea akamwambia kwa upole kwamba jabali lile lilikuwa la baba yao, na kwa kuwa yeye ana watu wengi nyumbani, tangu sasa mkewe Dorka ndiye atakayeanika pale. Perusi aanike uani, kwenye mikeka.

Eliya hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, fundi aliyepanga matofali ya kanisa lile kwa mikono yake, na alipoimba besi ulihisi benchi linatetemeka. Kila mavuno alimpelekea Perusi debe la unga, akajiona amemtendea mema. Lakini mvua za mwaka ule zilinyesha bila mpangilio. Makopa ya mikekani yalishika ukungu, na watoto wa Perusi wakawa wanakula unga wa hisani, debe hili hadi debe lijalo. Ukimlisha mtu kwa kile ulichomnyang'anya, hujamlisha.

Perusi alifuata Kitabu kama kilivyoandikwa. Alimwendea shemeji yake peke yake. Eliya akacheka, akasema, "Shemeji, jiwe tu hilo." Kitabu kinasema mtu asiposikia, umwendee tena pamoja na mwingine mmoja au wawili. Perusi akazunguka kijiji akitafuta wa kufuatana naye. Huyu mtoto wake ana homa, yule ana palizi, mwingine mguu unamuuma. Nani angekwenda kusimama mbele ya Mzee Eliya kumwambia amekosa? Mama mkwe wangu alikuwa miongoni mwao. Nilimsikia kwa masikio yangu akijisingizia tumbo, naye mchana ule alikuwa amekula vizuri kabisa.

Jumapili ya Meza ikafika. Mchungaji Zefania Mafuru akaanza kuita majina. Nina amani, nina amani, nina amani. Eliya aliitikia kwa besi yake. Akaitwa Perusi.

"Sina," alisema.

Hakumtaja mtu, na mchungaji hakumlazimisha. Aliutazama mkate, akakunja kitambaa cheupe juu yake taratibu, akatuambia twende nyumbani.

Haya, kunung'unika kukaanza. Watu wengine walikuwa wametoka vijiji vya mbali kwa miguu. Wakasema mjane huyu ana kiburi, tena ana moyo mgumu. Kisimani wakampisha njia kana kwamba ana ndui. Kina mama wakamwendea nyumbani, na mimi nikabeba kikapu nyuma ya mama mkwe.

"Perusi, ni neno moja tu," mama mkwe alimwambia. "Sema nina amani, tule, halafu mambo yenu mtayamaliza huko huko."

Perusi alikuwa akichambua makopa, yaliyooza huku, yanayofaa huku. Yaliyooza yalikuwa mengi.

"Hakimu hatuapishi," alijibu. "Anasema ndiyo yetu inatosha. Leo nikisema ndiyo wakati ni siyo, kesho nitasimama mbele yake na nini? Mume sina, jabali sina. Neno langu ninalo. Mnataka nalo niwape?"

Tukaaga, nikabeba tena kikapu nyuma ya mama mkwe.

Meza iliandaliwa tena mwezi uliofuata. Jina la Perusi likaitwa, akasema sina. Ndipo Mzee Eliya akasimama. Alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alisema hakuna anayemchukia dada yetu, lakini kanisa zima haliwezi kukaa na njaa kwa sababu ya mtu mmoja. Tumwombe atoke nje kwa upole, tule, naye ataingia siku moyo wake utakapolainika.

Vichwa vingi vikatikisika kukubali. Nilimwona Perusi akiushika ukingo wa benchi. Akitolewa siku ile, kurudi kwake kungekuwa kwa kusema uongo tu, na sisi sote tulilijua hilo.

"Mzee Eliya," mchungaji akasema, "meza ya wengi humngoja mmoja. Sote tumeketi hapa, lakini sina hakika kwamba huyo mmoja tunayemngoja ni Perusi."

Kisha upande wetu, benchi la mbele, mtu akasimama. Alikuwa Dorka, mke wa Eliya, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno kanisani ila kuimba.

"Mimi nilisema nina amani," Dorka alisema. "Lakini kila ninapopanda lile jabali na ungo wangu, napita nyuma ya nyumba ya Perusi nimeinamisha kichwa. Mtu mwenye amani hainamishi kichwa. Nilidanganya, mchungaji. Lifute jibu langu."

Uso wa Eliya ulishuka. Fundi aliyezijua kuta zote zile akazitazama kama mgeni. Kisha akatoka nje. Tulidhani amekasirika, amekwenda nyumbani. Mama mkwe wangu akaninong'oneza, "Tumelivunja kanisa."

Akarudi na beseni la maji.

Mwanamume hamtawadhi mwanamke miguu, hiyo ndiyo desturi, na Eliya hakuivunja. Lakini hakuna mwanamume aliyewahi kuvuka kuja upande wetu wakati wa ibada, wala mzee wa kanisa aliyewahi kuwachotea wanawake maji. Eliya alivuka. Maji yalimwagikia viatu vyake. Akaliweka beseni mbele ya miguu ya Perusi.

"Lile jabali ni lako," alisema. "Sikuliazima. Nilikunyang'anya, nikakupa unga ili usiseme."

Dorka akapiga magoti, akamtawadha Perusi miguu, akaipangusa kwa kitambaa chake mwenyewe cha kichwani. Mchungaji akauliza tena kwa sauti ya chini, "Perusi, una amani?"

Perusi hakuharakisha. Tulizoea kuitoa ile ndiyo haraka haraka. Yeye aliitafuta kwanza moyoni, nasi tukangoja.

"Nina amani na shemeji," alisema mwishowe. "Nina amani na Dorka. Lakini wapo niliowaomba kufuatana nami."

Mama mkwe wangu alikuwa wa kwanza kusimama. "Tumbo halikuwa likiniuma," alisema, na hakuna aliyecheka. Wakasimama wengine, mmoja mmoja, hadi benchi letu likabaki tupu. Siku hiyo maji yalichotwa mara nyingi. Tulipofika kwenye mkate jua lilikuwa limegeukia ziwani na mkate wenyewe umekauka. Sijala mkate mtamu kuliko ule, na sitii chumvi.

Nalo jabali lilirudi kwa Perusi. Wiki ile ile alimwita Dorka waanike pamoja, upande huu na upande ule, kwa sababu lilikuwa pana tangu mwanzo. Habari ikafika hadi kwa hakimu, naye, nimeambiwa, alisema sasa anajua kwa nini ndiyo ya watu hawa inatosha. Watu wakiwacheka kwa sababu hamli kiapo wala hampigani, waelezeni habari za Perusi. Msione haya. Mimi naringa kwa ajili yake.

Sasa nitazameni. Haya mabeseni yamekwisha kung'aa, isipokuwa hilo la Mkami, linalosuguliwa pale pale tangu nilipoanza kusema. Mkami, mchungaji hakunitajia jina la asiye na amani, na mimi sikuulizi. Lakini namwona Rebeka mwenzako yuko kule mlangoni, amekupa mgongo, naye beseni lake amelishika tu.

Weka kitambaa chini, mwanangu. Nenda. Mkate nimeufunika vizuri, na kama si kesho, utaliwa Jumapili nyingine. Sisi wengine tutakaa hapa. Meza ya wengi hungoja mmoja.