Uso Ambao Fisi Hakuutazama

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika na kufagia nyua zao kama sisi, Kalunguyeye aliishi peke yake mwambani, nje ya mji. Hakwenda kwa hiari yake. Alifukuzwa.

Mfalme wa mji ule alikuwa Simba, na mshauri wake alikuwa Fisi, aliyejidai kusoma mioyo ya watu katika nyuso zao. Paji pana, alisema, ni la mtawala. Pua iliyochongoka ni ya mwizi. Pua ya Kalunguyeye imechongoka. Basi akatolewa nyumbani kwake, na Fisi akahamia humo. Kisha akafukuzwa Digidigi kwa sababu ya macho yake makubwa, na wengine baada yake, mpaka nusu ya mji ikawa mali ya Fisi.

Kule mwambani Kalunguyeye alipika chakula cha mtu mmoja, akala kimya. Jioni alizungumza na chungu chake. Siku alipokikasirikia chungu kwa kutomjibu, alijua upweke utamtia wazimu. Akajitanda kanga, akashuka mjini.

Walinzi wa baraza walitaka kumrudisha. Akawaambia yeye ni mjumbe, na mjumbe hauawi. Wakampeleka mbele ya Simba na Fisi. Yuko mgeni, akasema, anayetaka kukaa karibu na mfalme. Ila kwanza Fisi auhukumu uso wake.

Fisi akacheka, kwe-kwe-kwe. Fundi kama yeye, akasema, hana haja ya kuona, kuelezwa kunamtosha.

"Paji lake lina mikunjo," akasema Kalunguyeye. "Macho ya manjano, hayapepesi. Puani ana kovu. Mdomo umelegea upande wa kushoto."

"Mikunjo hiyo ni ya husuda," akasema Fisi. "Macho hayo ni ya mtu anayemla mgeni wake. Kovu ni la msaliti, na mdomo huo haujasema kweli hata siku moja. Afukuzwe leo hii. Yuko wapi?"

"Yuko mbele yako, kwenye kiti cha enzi."

Fisi akainua kichwa. Miaka yote aliyomsifu mfalme alikuwa ameinama, macho kwenye sinia la nyama. Sasa ndipo alipouona uso ule. Akarudi nyuma, akajikwaa, akatoka mbio, puku puku puku, asionekane tena.

Simba hakumfuata. Alikuwa akiupapasa mdomo wake.

"Umelegea tangu lini?" akauliza.

"Sijui, mfalme. Siku uliyonifukuza nilikutazama nikitafuta huruma. Ndipo nilipouona."

"Hakuna mwingine aliyeniambia," akasema Simba, kwa sauti ndogo. Akamwomba aketi naye kidogo. Kalunguyeye akaketi.

Waliofukuzwa wakatangaziwa warudi. Hawakurudi upesi, kwa maana hofu haina haraka ya kwisha. Kalunguyeye akarudi nyumbani kwake, akatupa mifupa aliyoiacha Fisi, akafagia, akakaa mlangoni siku nyingi akiitazama njia tupu. Hata asubuhi moja Digidigi akapiga hodi, akiomba kaa la moto. Kalunguyeye akampa, kisha akamshika mkono, akamsihi asiondoke mpaka chai ichemke.

Wanangu, uso ni mlango tu; aliyemo ndani humjui mpaka akufungulie.