Mkanda Shingoni mwa Togolai

Mtia mkono ndiye mvaa mkanda. Jana mliisikia methali hii kule kwenye tangi la maji, bibi mlinzi alipomzuia mwenzenu asiingie kusafisha, nanyi wageni wa likizo mkacheka mkidhani bibi wa watu anajisemea tu. Haya, chekeni mmalize. Asili yake haichekeshi.

Ilikuwa huku huku Upareni, milimani, mwaka ambao mikahawa yote ilipogolewa kwa mpigo. Kikundi cha wakulima kilikuwa kimepata mashine ya kukatakata matawi: injini upande mmoja, visu upande wa pili, na katikati mkanda wa mpira unaopeleka nguvu ya injini kwenye visu. Zamani matawi yalichomwa moto. Sasa yaliingia kwenye mashine, yakatandazwa shambani yawe mbolea. Mashine ilizunguka nyumba hadi nyumba kwa msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja: pembe inalia asubuhi, kila nyumba inatoa mtu.

Aliyeiendesha ni mjane mmoja, Naelijwa, mama yake Senzia. Fundi alikuwa amemfundisha vizuri. Asivae kanga wala nguo ya kupwaya, asimame kando ya kinywa cha mashine, matawi mafupi ayasukume kwa kijiti. Na mashine ikikabwa, azime injini, angoje visu vitulie, avue mkanda, ndipo atie mkono. Naelijwa aliyashika yote, ila hilo la mkanda lilikuwa na adha yake. Kuuvua ni kulegeza nati mbili, kuurudisha ni kuvuta injini na kukaza upya, na mashine ilikabwa hata mara kumi kwa siku.

Siku ya sita mfululizo Naelijwa alikuwa hoi. Alikuwa ameamka alfajiri kukamua ng'ombe wake wawili, na maziwa hayo ndiyo yaliyokuwa yakimsomesha Senzia. Mvua ilikuwa imenyesha, matawi yamelowa, mgongo unamuuma, na rundo lililobaki lilimzidi kimo. Saa tisa mashine ikakabwa tena. Akazima. Akangoja visu vitulie. Akautazama mkanda, akazitazama zile nati, akaona hawezi.

"Mara hii moja tu," akajisemea. "Mungu anaona nilivyochoka."

Akainama nyuma ya rundo, akatia mkono wa kulia.

Sasa sikilizeni, maana penyewe ni hapa. Desturi ya msaragambo ni kwamba jembe likilala, aliye karibu huliinua. Haulizi. Kumwuliza mtu kama amechoka ni kumwaibisha, kwa hiyo mwenye adabu hupokea kazi kimya kimya. Togolai, mdogo wa marehemu mume wa Naelijwa, alikuwa akipanda kutoka bondeni na mzigo wa matawi. Akasikia mashine imenyamaza. Akajua shemeji yake ameelemewa, ameenda kukaa kidogo. Akatua mzigo upande wa injini, akavuta kamba ya kuwashia.

Injini hata haikuwaka. Mvuto ule mmoja ulitosha kuzungusha visu.

Naelijwa alipoteza vidole viwili. Aliporudi kutoka hospitali, kila alfajiri Togolai alikuja, akawakamua ng'ombe, akaweka ndoo mlangoni, akaondoka bila kubisha hodi. Msaragambo hakwenda tena. Jembe la mtu hakuligusa. Naelijwa alimsikia kutoka kitandani. Alimkasirikia, kisha akajikasirikia mwenyewe, mwisho akachoka hata kukasirika.

Zamu ya shamba la Togolai ilipofika, alisema matawi yake yaachwe yaoze. Watu wakaja hivyo hivyo, na Naelijwa naye, mkono umefungwa kitambaa. Haikupita saa, mashine ikakabwa, ikazimwa. Visu vikatulia. Hakuna aliyesogea.

"Togolai," Naelijwa akaita, "njoo uizibue. Shamba ni lako."

"Shemeji, niache. Mkono huu haugusi tena kitu hicho."

"Mkono huo unanikamulia ng'ombe kila siku. Njoo."

Akaja, macho chini. Naelijwa akashika spana kwa mkono wa kushoto, akaanza kuhangaika na nati ya kwanza. Spana ikateleza mara mbili. Jirani mmoja, kwa adabu yake, akanyoosha mkono kuipokea.

"Acha," Naelijwa akasema. "Sijaomba kupokewa."

Watu wote wakangoja. Ilichukua muda mrefu, lakini mkanda ukatoka, naye akamvika Togolai shingoni.

"Nisamehe, shemeji," Togolai akasema, na machozi yakamtoka mbele za watu.

"Hukunikata kwa ubaya. Ulinikata kwa adabu, nami nilikuachia nafasi kwa uchovu wangu. Adabu yetu yatosha kwa jembe. Kwa hiki kitu haitoshi. Tangu leo, mtia mkono ndiye mvaa mkanda. Ukiwa shingoni mwako, hata anayekuhurumia hawezi kukudhuru."

Togolai akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, mkanda unaning'inia kifuani, akatoa matawi yote. Kesho yake alfajiri, alipoweka ndoo mlangoni, alibisha hodi.

Basi rudini kwenye tangi lenu. Mwenzenu alikuwa anaingia ndani, na ufunguo wa koki ameuacha kwa rafiki yake, kijana mwema, mchapakazi, asiyevumilia kuona maji yamefungwa. Bibi akauchukua ufunguo kwa yule wa nje, akampa anayeingia. Ninyi mlikuwa mnacheka, hamkuutazama mkono aliompa nao. Una vidole vitatu. Mtia mkono ndiye mvaa mkanda.