Matanga ya Betri ya Kiboko

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na nini?
— Sema wewe, sisi tuna masikio tu.
Palikuwa na Kiboko mwenye bwawa. Leo bwawa halipo. Sogeeni niwaambie lilikokwenda, na anayetaka hadithi ya kuchekesha aende nyumba ya jirani.

Kiboko huyo alikuwa na bwawa pana na gari bovu liitwalo Ngurumo. Ngurumo alikunywa petroli. Akiwashwa hulia: ngru, ngru, ngru, pu! Akienda mpaka Kilima cha Nyuki na kurudi, kiu imemshika tena. Petroli aliuza Korongo, na Korongo hakutaka asali wala matikiti maji. Alitaka maji. Kila tangi likijaa, Korongo hupiga hatua moja ndani ya bwawa kwa miguu yake mirefu, huchomeka kijiti, na husema, "Mpaka hapa pangu."

Wiki hii hatua moja. Wiki ijayo hatua moja. Na ngozi ya kiboko, mnaijua wenyewe, isipokaa majini hupasuka.

Kiboko akaviangalia vijiti vile, akasema, "Naisha mimi, naisha." Akapiga moyo konde. Akatoa nusu ya bwawa lililobaki kwa mkupuo mmoja, akanunua gari la betri, akaliita Kimya. Kimya hakunywa kitu. Alichomekwa kwenye paneli za sola pale ukingoni, akashiba jua, akaondoka: ssssss. Korongo akabaki amesimama kwa mguu mmoja na vijiti vyake, hana pa kuchomeka.

Je, Kiboko alitulia? Hakutulia. Alitaka fidia ya bwawa lake, tena aipate leo leo. Akatangaza nauli: tikiti maji moja kwa kila mguu. Kanga akalipa mawili. Swala akalipa manne. Tandu akajitazama kuanzia mbele mpaka nyuma, akageuka, akaenda kwa miguu.

Akaja Nguchiro, mnyama wa kichakani, mdogo kuliko kwato la Kiboko. Akaleta matikiti manne.

"Matano," alisema Kiboko.

"Miguu yangu minne, mtani."

"Na huo mkia? Si umekaa kwenye kiti changu? Mkia ni mguu."

Sasa, viboko na nguchiro ni watani tangu enzi za mababu. Hutukanana, hunyang'anyana, na anayenuna ndiye mwenye makosa. Basi Nguchiro hakununa. Akacheka kwikwikwi, akalipa la tano, akasema, "Haya mtani. Mkia ni mguu. Nimelishika hilo."

Lakini Kiboko alikuwa na hofu moja iliyomla kila siku. Muuzaji wa Kimya alimwambia betri ina dhamana ya masika manane. Maana yake ni kwamba ikiharibika kabla ya hapo, muuzaji atagharamia. Kiboko yeye akaelewa kwamba masika ya nane yakiisha, betri inakata roho. Hakuuliza. Aliona kuuliza ni kujidhalilisha, akaenda zake na kifo kichwani.

Masika ya kwanza, hofu. Masika ya pili, hofu. Masika ya nane yakaingia. Kimya, aliyekuwa akienda Kilima cha Nyuki mara nne kabla ya kuchomekwa tena juani, sasa akaenda mara tatu tu. Moyo wa Kiboko ukafanya pa!

"Betri mpya ni maji yangu yote yaliyobaki," aliwaza. "Nikiyatoa nitalala wapi? Naisha mimi, naisha!" Akamwita Nguchiro, kwa kuwa Nguchiro alisifika kwa masikio makali.

"Mtani, nisikilizie. Ni mzima huyu?"

Nguchiro akalaza sikio juu ya boneti. "Washa."

Ssssss.

"Unasikia kitu?" aliuliza Nguchiro.

"Sisikii."

"Basi ndiyo hivyo. Maiti hasikiki."

"Lakini hakusikika hata siku niliyomnunua!"

"Aliumwa muda mrefu, maskini."

"Na leo asubuhi amenipeleka kilimani!"

"Hata babu yako alikwenda kilimani asubuhi ile ile aliyofariki. Pole sana, mtani."

Kiboko akakaa chini, puu! Machozi yakamtoka. Nguchiro akamsogelea sikioni. "Usilie peke yako. Weka matanga. Mkubwa kama wewe ukifiwa, nchi nzima italeta rambirambi. Unajua rambirambi za nchi nzima zinaweza kununua nini?"

Machozi yakakatika. Kiboko akajua: betri mpya, na bwawa libaki. Siku hiyo hiyo akatuma kanga watangaze kwamba Kimya ameaga dunia.

Mikeka ikatandikwa. Kimya akafunikwa shuka jeupe. Wanyama wakaja na matikiti, kila mmoja na lake, wakasema pole, wakaketi. Kiboko akaimba, nanyi itikieni:

Betri yangu, betri, umeniacha na nani?
— Naisha mimi, naisha!
Korongo yuko ukingoni, vijiti viko mkononi!
— Naisha mimi, naisha!

Msidhani aliigiza. Alilia kweli. Tatizo ni kwamba kila tikiti lililofika, kwacha! limeingia mdomoni. Alisema huzuni inamtia njaa. Siku ya tatu, siku ya kuanua matanga, lilikuwa limebaki rundo la maganda.

Hapo ndipo watani walipofika. Nguchiro na ukoo wake mzima, wamevaa magunia, wamejaza mashavu upepo, wanatembea kwa kutikisa makalio kama mfiwa mwenyewe. Wakamvuta mkeka, Kiboko akabingirika, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kiboko naye akacheka kwa meno tu, maana msibani mtani hakasirikiwi. Na kwa mila hiyo hiyo, mtani msibani huruhusiwa kuchukua mali ya marehemu, hata maiti yenyewe, na mfiwa akiitaka huikomboa.

Nguchiro akapanda juu ya Kimya. "Wafiwa! Tunaondoka na huyu. Mnakomboa?"

"Kwa kiasi gani?" aliuliza Kiboko.

"Tikiti moja kwa kila mguu wa kila mtani aliyepo hapa. Na mkia ni mguu."

Kiboko akatazama miguu ile yote na mikia ile yote. Akatazama maganda yake. "Nikomboe maiti?" alifoka. "Mchukueni! Mkambebe wenyewe!"

"Mmemsikia?" Nguchiro aliwauliza waombolezaji.

"Tumemsikia."

Nguchiro akavua shuka. Akaingia. Akawasha.

Ssssss.

Kimya akazunguka bwawa mara moja, taratibu, ukoo mzima umejaa ndani, mikia inapepea madirishani. Kiboko akasimama, mdomo wazi. "Ni mzima! Jamani, si ni mzima huyu!"

Kobe akamtazama. "Ulitutangazia amekufa. Kama ni mzima, turudishie matikiti yetu."

Kiboko akatazama lile rundo la maganda, akaketi tena mkekani.

Akamrudia Ngurumo. Ngru, ngru, ngru, pu! Wiki hii plagi, wiki ijayo mkanda, na kila wiki petroli. Korongo akarudi na vijiti. Hatua moja. Hatua moja. Hatua moja. Bwawa likawa ukubwa wa uwanja, likawa ukubwa wa mkeka, likawa ukubwa wa sinia. Ngozi ikapasuka mgongoni, ikapasuka mbavuni, na hakuna aliyekuja na rambirambi, maana alikuwa amekwisha kufiwa.

Kimya akaenda masika mengine manane. Safari tatu zikawa mbili na nusu, kisha mbili. Aliposhindwa kilima, betri yake ikahamishiwa shimoni kwa Nguchiro ikawasha taa, na gari likalaliwa na kuku.

Lakini kabla ya hapo, mchana mmoja wa kiangazi, Kiboko alikuwa amelala kwenye tope lililobaki, limefunika miguu tu. Ssssss, Kimya akasimama kando yake.

"Mtani," alisema Nguchiro, "mtoni maji yapo. Nikupeleke? Tikiti moja kwa kila mguu."

"Na mkia?" aliuliza Kiboko kwa sauti ndogo.

"Mkia bure. Najua umefiwa."

Kiboko hakuwa na tikiti hata moja. Akageuza uso upande wa pili. Nguchiro akangoja kidogo, akangoja tena, kisha akaondoka, na kwa kuwa gari halikuwa na sauti, Kiboko hakujua ni lini aliachwa.

Funzo, wanangu: nunueni gari linalonguruma. Linalonguruma halizikwi kwa makosa, na siku linapokumaliza, angalau unalisikia.

Hadithi imefika ukingoni. Mwenye maji akaoge, asiye na maji aazime beseni.